Mawese, Simsim na Miaka Ishirini na Mitano

Ukishuka kilima cha Kyambogo kutoka chuo kikuu ukaelekea Banda, utakuta watu wanapikia mafuta ya namna tatu. Kuna yale ya manjano ya chupa na jerikeni, yanayotoka viwandani. Kuna mawese mekundu, ambayo watu wetu wa Kongo wanauziana katika chupa za maji zilizotumika. Halafu kuna odii, simsim iliyosagwa pamoja na karanga mpaka ikalainika, ya mama wa Kiacholi wa Acholi Quarter, mtaa uliokua karibu na machimbo ya mawe wakati vita vya kaskazini vilipowafukuza watu kwao. Odii si mafuta ya kukaangia, najua. Lakini mboga iliyotiwa odii haiombi mafuta mengine.

Kila namna ina historia yake, na zote tatu zimepita mikononi mwa watu waliohamishwa. Naandika hili kwa sababu siku hizi katika mikutano ya kilimo endelevu kuna ubishi mmoja usioisha: Uganda iendelee kupanda michikichi, au iweke nguvu kwenye mbegu za mafuta za tangu zamani, yaani simsim, karanga na jamaa zake? Wenye michikichi wanakuja na hesabu, na hesabu yao ni ya kweli. Hekta moja ya michikichi iliyotunzwa vizuri hutoa tani tatu za mafuta kwa mwaka au zaidi, wakati hekta ya soya haifikishi nusu tani mara nyingi, na simsim iko chini hukohuko. Duniani kote michikichi inachukua chini ya asilimia 10 ya ardhi ya mazao ya mafuta lakini inatoa zaidi ya theluthi moja ya mafuta yote ya mimea. Kwa hiyo wanasema: ukitaka kuokoa msitu, panda zao linalobana nafasi. Upande wa pili wanajibu: msitu ndio mliukata ili kupanda hilo zao.

Tuanze kisiwani, maana huko ndiko ubishi huu ulikoshuka chini ukawa shamba.

Bugala ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria, wilaya ya Kalangala. Zamani za Buganda, Ssese ilikuwa visiwa vya ibada. Hekalu kuu la Mukasa, bwana wa ziwa, lilikuwa kisiwa cha Bubembe. Halafu ukaja ugonjwa wa malale. Kati ya 1900 na 1905 watu zaidi ya 200,000 walikufa Busoga na kwenye fukwe za Buganda. Madaktari wa Kiingereza walipotambua mwaka 1903 kwamba mbung'o ndiye anayeubeba, Gavana Hesketh Bell aliamua mwaka 1906 kuwaondoa watu ufukweni. Visiwani walifikiwa baadaye: kufika 1909 Wassese walikuwa wamevushwa kwa mitumbwi kwenda bara, wakaambiwa wakae huko mpaka serikali itakapowaruhusu kurudi. Walisubiri miaka kumi na zaidi. Wengine hawakurudi kabisa.

Naomba wasomaji walioko makambini wasome tena sentensi hizo mbili za mwisho.

Wakati wenyewe hawapo, msitu ulirudi ukafunga mashamba yao. Kizazi kilichofuata kiliikuta Bugala ya kijani, yenye watu wachache, wavuvi wanaokuja na kwenda, na sifa ya kuwa "ardhi tupu". Kwa karatasi haikuwa tupu. Mkataba wa Buganda wa 1900 ulikuwa umegawa ardhi ya mailo kwa machifu na wakubwa, na wengi wa warithi wao waliishi mbali na kisiwa. Aliyelima hasa alikuwa mtu wa kibanja, anayekaa juu ya ardhi ya mwingine. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mwenye kibanja, lakini kujua sheria ni jambo moja, na kuwa na karatasi mkononi siku tingatinga linapofika ni jambo lingine.

Mwaka 1997 Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD, ulikubali kuikopesha Uganda kwa ajili ya mradi wa mafuta ya mimea. Sababu ilieleweka: nchi ilikuwa inaagiza nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kupikia. Wengi hawajui kwamba mradi ule tangu mwanzo ulikuwa na miguu miwili. Mguu mmoja ulikuwa michikichi ya Kalangala. Mguu wa pili ulikuwa mbegu za mafuta za kaskazini na mashariki: alizeti, soya, karanga, simsim. Kumbe hizo "pande mbili" zinazobishana leo zilizaliwa katika faili moja! Ila mguu mmoja ulipata kampuni, kiwanda na barabara, na magazeti yakaupiga picha. Wa pili ulipata mbegu bora na mafunzo ya vikundi.

Mwaka 2003 serikali ilitia saini na Bidco, kampuni iliyokulia Thika, Kenya, pamoja na washirika wake wa Asia, Wilmar wakiwa mmojawapo. Mpango ulikuwa hekta 10,000 Bugala: 6,500 za kampuni na 3,500 za wakulima wadogo. Hapo katikati palitokea mvutano mkubwa kuhusu misitu ya hifadhi. Mwisho wa 2006 mkurugenzi mkuu wa Mamlaka ya Misitu, Mnorwei Olav Bjella, alijiuzulu. Mwezi wa nne 2007 Kampala iliwaka moto kwa maandamano ya kuutetea msitu wa Mabira usigeuzwe miwa, na watu walikufa. Baada ya hapo kugusa hifadhi kulikuwa na gharama ya kisiasa. Lakini misitu iliyosimama juu ya ardhi ya watu binafsi, ile iliyoota tangu siku za malale, ilikatwa.

Sitasema kwamba michikichi iliwaletea watu wa Bugala hasara tupu, maana ningekuwa nadanganya. Wakulima wadogo zaidi ya elfu moja waliingia, wakakopeshwa miche na mbolea kupitia chama chao cha dhamana, KOPGT, na tangu 2010 kiwanda cha kukamua kilipoanza wanalipwa kwa mwezi kama watu wa mshahara. Wapo waliojenga nyumba za matofali na kusomesha watoto mpaka chuo. Mwenye mchikichi aliyefanikiwa ukimweleza habari za viumbe hai wa msituni atakuuliza wewe unakula wapi. Wapo pia waliopoteza vibanja: mwaka 2015 wakulima zaidi ya mia walifungua kesi wakidai ardhi yao ilichukuliwa bila fidia ya haki. Hadithi zote mbili ni za kisiwa kimoja, pengine za ukoo mmoja.

Sasa tupande kaskazini. Huko Lango na Acholi simsim si "zao mbadala" kama ripoti zinavyopenda kuandika. Ni chakula cha mgeni, cha harusi, cha msiba. Inavumilia ukame, inakomaa kwa miezi mitatu au minne, na gunia lake lililokauka vizuri linakaa ghalani likimsubiri mwenyewe. Kuna pia mti ambao Waacholi wanauita yaa, wa mafuta mazito ambayo mashirika yanayauza Ulaya kwa kujipaka. Huo haupandwi na mtu. Unaachwa shambani na kulindwa, na unachukua miaka kumi na mitano na zaidi kabla ya kuzaa. Kwa hiyo anayesema mafuta ya kienyeji yote ni ya haraka haraka hajafika Otuke wala Agago.

Vita vya LRA viliipima simsim hiyo. Kuanzia 1996 serikali iliwaamuru watu waingie katika kambi zilizoitwa vijiji vya kulindwa, na kufika 2005 waliohamishwa kaskazini walikuwa karibu milioni 1.8. Kutoka kambini kwenda shambani ilikuwa hatari, na muda wa kulima ulipimwa kwa saa. Mafuta yakawa ya mgao. Wengine walishuka mpaka Kampala, ndio hao wa Acholi Quarter, wakavunja mawe kwa nyundo chini ya jua. Amani iliporudi na watu wakaanza kutoka kambini baada ya 2006, aliyerudi na kilo chache za mbegu aliweza kuvuna simsim yake kabla mwaka haujaisha. Yaa zilizosimama bado zilimngoja, lakini wakata mkaa nao walizingoja, na mkaa mwingi ulikuja kuchomwa katika majiko ya hapa Kampala. Ilifika mahali Rais akatoa amri mwaka 2023 kuupiga marufuku mkaa wa biashara wa kaskazini.

Alizeti nayo ina lake. Watu wanaihesabu kuwa ya kienyeji kwa sababu inalimwa na wadogo, lakini asili yake ni Amerika, na ile inayopendwa na viwanda vya Lira ni chotara: ukihifadhi mbegu ya mavuno yako na kuipanda tena, haikupi kama ya kwanza. Kila msimu unarudi dukani. Simsim haikufanyii hivyo. Tofauti hiyo kati ya alizeti chotara na simsim ni kubwa kuliko tunavyodhani, na sijaona semina inayoitaja, wote wanaziweka katika kapu moja la "mbegu za mafuta".

Mpaka hapa msomaji wa Fizi, wa Uvira au wa Beni ameshaanza kukasirika. Mbona huyu anasema mchikichi ni wa kampuni? Kwetu ngazi ni ya babu! Ni kweli kabisa, na ndiyo maana ubishi wenyewe umekaa vibaya. Mchikichi ni mti wa Afrika, wa magharibi na wa kati. Kwenye mwambao wa Tanganyika, kutoka Baraka mpaka Rumonge na Kigoma, familia zinachemsha ngazi na kukamua mawese zenyewe, bila kumngoja mzungu wala mwekezaji. Hata Uganda, Bundibugyo ina michikichi iliyoota tangu kabla ya mradi wowote. Mti huohuo ni mwenyeji Fizi na mgeni Bugala.

Ila Kongo pia ndiko kampuni ilikofanya kazi yake ya kwanza kubwa. Mwaka 1911 William Lever, yule wa sabuni ya Sunlight, alifanya mkataba na Wabelgiji: miduara mitano ya ardhi, na ndani yake haki ya kuchagua mpaka hekta 750,000. Wakazi walioishi humo waliambiwa ngazi walizokuwa wakizikata tangu enzi sasa zina mwenyewe. Wanaume walipandishwa juu ya miti kwa nguvu za kodi na za machifu. Mdororo wa uchumi ulipoingia mwaka 1930, malipo ya matunda yakashushwa na kodi ikabaki palepale. Mwaka 1931 Wapende wa Kwango waliasi, wakamuua afisa mmoja wa Kibelgiji, na jeshi likajibu kwa kuua zaidi ya watu 500.

Miaka kumi baadaye, katika nchi hiyohiyo, kituo cha utafiti cha Yangambi karibu na Kisangani kilifumbua siri iliyobadilisha dunia. Mchikichi wa kienyeji una kokwa lenye ganda nene na nyama kidogo. Mwaka 1941 watafiti Beirnaert na Vanderweyen walieleza kwamba ukiuzalisha wa ganda nene na ule usio na ganda, unapata wa katikati, wa ganda jembamba na nyama tele. Aina hiyo, tenera, ndiyo iliyojaza Malaysia na Indonesia, na ndiyo iliyopandwa Bugala. Yaani maarifa yalitoka kwetu yakazunguka dunia, yakarudi upande wa pili wa ziwa kama uwekezaji kutoka Asia. Mashamba ya Lever yenyewe Unilever iliyauza mwaka 2009, yakapita mkono wa Feronia, iliyofadhiliwa na benki za maendeleo za Ulaya, na ugomvi wa ardhi na wenyeji wa Lokutu ulihama nayo.

Na ili mtu asidhani ubaya uko ndani ya mchikichi: nyumba hiyohiyo ya Unilever ndiyo iliyokuja na karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, tawi la Unilever, alipendekeza karanga zilimwe kwa matrekta Tanganyika, kwenye mamilioni ya ekari. Karanga, zao la mama na jembe la mkono! Walianzia Kongwa, nchi ya Wagogo na ng'ombe wao, mahali penye mvua kidogo na udongo unaogeuka kama saruji kiangazi. Mwaka 1951 mpango ulitupwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Majengo ya Kongwa yalikuja kuwapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika miaka ya 1960, ambayo ni hadithi ya wakimbizi wengine. Kwa hiyo karanga nazo zinaweza kuwa za kampuni, na mchikichi unaweza kuwa wa bibi.

Mimi naona kinachogawanya mazao haya kwa mtu wa kawaida ni muda. Kwanza muda wa tunda. Ngazi ikishakatwa inaanza kuharibika. Isipofika kwenye kinu ndani ya siku moja au mbili, mafuta yanachacha. Fizi hilo si tatizo, sufuria na kinu cha mkono viko uani. Lakini mkulima wa Bugala aliyepanda tenera kwa mkopo anauza kwa kinu kimoja, leo, kwa bei inayofuata soko la dunia. Indonesia ilipofunga mauzo ya mawese nje kwa wiki chache mwaka 2022, huku alizeti ya Ukraine imekwama bandarini kwa vita, bei ya mafuta ilipaa hata hapa dukani Banda. Mwenye magunia matatu ya simsim angeweza kufunga mlango na kusema nitauza mwezi ujao. Mwenye ngazi hana mwezi ujao.

Halafu kuna muda wa mti. Mchikichi unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi na unavunwa mpaka miaka ishirini na mitano. Huwezi kuuweka mgongoni ukakimbia nao.

Hapa naomba ndugu zetu wa mashirika wanisikilize kidogo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inasifiwa, na inastahili: inaturuhusu kutembea na kufanya kazi. Makazini mtu anapewa kiwanja cha kutumia. Lakini kiwanja hicho hawezi kukiuza wala kukipangisha, na Katiba ya nchi inampa asiye raia haki ya kukodi ardhi tu, si kuimiliki. Siilaumu; kila nchi inalinda ardhi yake. Nasema tu kwamba maana yake kwa mafuta ni hii: mkimbizi wa Nakivale au Kyangwali ni mtu wa mazao ya miezi minne. Simsim, karanga, soya. Mradi wa taifa wa michikichi umeshavuka Bugala kwenda Buvuma na unataka kwenda mbali zaidi, na popote utakapokwenda ardhi itafungwa kwa robo karne. Watakaopungukiwa kwanza ni wale wanaolima kwa kukodi msimu hadi msimu, na hao ni wakimbizi pamoja na majirani zao maskini wa Uganda. Kwenye ripoti za tani kwa hekta watu hawa hawaonekani, kwa sababu hekta haikuwa yao.

Lipo eneo ambalo jambo hili limeshatokea lote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na wengi wa wasomaji wetu wa Burundi wanalijua kuliko mimi. Baada ya mauaji ya 1972 watu wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbilia Tanzania. Wengi waliishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako walifyeka pori na kulima. Nyuma yao serikali iligawa ardhi yao kwa watu wengine, na kwenye tambarare ya Rumonge ukawekwa mradi wa michikichi wa dola. Aliyepewa shamba alipanda kwa nia njema na kuvuna, akazaa watoto humo. Wakimbizi walipoanza kurudi kwa wingi miaka ya 2000, walikuta miti iliyokwisha kuzeeka. Walikuwa nje zaidi ya miaka thelathini, mingi kuliko maisha ya mchikichi.

Mwaka 2006 Burundi iliunda tume ya ardhi, CNTB. Mwanzoni iliwashauri watu wagawane: nusu kwa aliyerudi, nusu kwa aliyemkuta. Kuanzia 2011 ilibadili msimamo ikaelekea kumrudishia mwenye asili shamba zima, na waliopanda wakajikuta wao sasa ndio wanaofungasha. Wengine wa Ulyankulu hawakurudi kabisa. Tanzania iliwapa uraia watu karibu 162,000 wa kundi hilo, na vyeti vyao vilianza kutolewa 2014. Huko walikobaki wanalima mahindi, tumbaku na karanga. Na Rumonge, kila ngazi zinapoiva, zinakatwa na kupelekwa kinuni siku hiyohiyo, kesi ikiwa imekwisha au haijaisha.